Mtoto wa Mbwa Aliyeokotwa: Jinsi ya Kumlea Bila Kuwahatarisha Watoto Wako

  Leo tunazungumza juu ya mgeni anayeingia nyumbani bila kupiga hodi: mtoto wa mbwa aliyetupwa.

Huenda umewahi kusikia sauti nyembamba zikilia ndani ya gunia, nyuma ya soko kule Karatina, kando ya barabara ya Othaya au karibu na jalala mjini Nanyuki. Mara nyingi wanaotupwa ni majike, kwa sababu wenyewe waliogopa kwamba watazaa. Jioni mtoto wako anarudi kutoka shuleni akiwa amemficha mmoja ndani ya sweta. Anasema, "Mama, tumuweke."

Wako wazazi wanaoamuru arudishwe alikotolewa. Wako wanaomkubali, kisha wakamwachia mtoto amtunze apendavyo. Njia zote mbili zina hatari. Lakini iko njia ya tatu: kumlea kwa muda, miezi 2 au 3, hadi awe tayari kupewa mtu wa kukaa naye. Kazi hiyo unaiweza, mradi uifanye kwa utaratibu.

Tuanze na lililo zito, yaani kichaa cha mbwa. Ugonjwa huu ukishaonyesha dalili kwa binadamu, karibu kila mara huua. Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba watu 59,000 hufa kila mwaka duniani kwa sababu yake, na 4 katika kila 10 ni watoto wa chini ya miaka 15. Hata mbwa mchanga anaweza kuwa nao, kwa maana hujui kama mama yake alichanjwa au aliumwa na nani. Kwa hiyo mgeni huyu apokelewe na mtu mzima, aliyefunika mikono kwa glavu au mfuko wa plastiki. Watoto wasubiri hadi daktari wa mifugo amtazame.

Mtoto akiumwa, akikwaruzwa, au akilambwa penye kidonda, fanya hivi: osha mahali hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, ukitazama saa. Usipake pilipili, majani wala mafuta. Kisha mpeleke hospitali siku hiyo hiyo, na amalize sindano zote atakazoandikiwa. Ukigundua baada ya wiki moja, bado nenda. Ugonjwa huu huweza kukaa mwilini miezi kadhaa kabla ya kujitokeza.

Sikiliza hili kwa makini, mama. Mtoto anayempenda mbwa wake huficha jeraha. Anaogopa kuchapwa, au anaogopa mbwa atafukuzwa. Mwambie mapema, tena mbele ya ndugu zake: "Ukiumwa, hata kidogo, niambie. Sitakuchapa." Maneno hayo yanaweza kuokoa uhai.

Jambo la pili ni minyoo. Watoto wengi wa mbwa huzaliwa nayo tayari. Mayai yake hutoka na kinyesi, na yakikaa kwenye udongo kwa wiki 2 au zaidi, humwambukiza mtoto anayechezea mchanga na kutia vidole mdomoni. Minyoo hiyo inaweza kufika hata kwenye jicho. Kinga yake ni rahisi: okota kinyesi kila siku na kukifukia mbali na watoto wanapochezea au kukitupa chooni. Mpe mgeni dawa ya minyoo kuanzia wiki 2, na urudie kila baada ya wiki 2 hadi afikishe wiki 12. Dawa inapatikana kwenye agroveti, lakini apimwe uzito kwanza. Nao watoto wanawe mikono kwa sabuni kila wamguseapo, na wasilambwe uso.

Sasa tumtazame mgeni mwenyewe. Utajuaje umri wake? Macho hufunguka akiwa na siku 10 hadi 14. Meno huanza kuchomoza kwenye wiki ya 3 au ya 4. Asiye na meno anahitaji maziwa, mchana na usiku. Maziwa ya ng'ombe ni mepesi kuliko ya mbwa na huweza kumharisha, kwa hiyo muulize daktari wa mifugo maziwa yanayofaa. Mlishe akiwa amelala kifudifudi, kamwe si chali kama mtoto wa binadamu, asije akapaliwa. Baada ya kumlisha, mpanguse chini ya mkia kwa kitambaa chenye maji ya vujuvugu ili akojoe, kwa kuwa bado hawezi mwenyewe.

Baridi yetu ya Julai humuua upesi kuliko njaa. Mweke kwenye katoni yenye matambara, na chupa ya maji moto iliyofungwa kwa kitambaa. Usimlishe akiwa baridi, mpashe joto kwanza. Wala usimwekee jiko la makaa katika chumba kilichofungwa. Hewa yake huua, na haichagui mbwa wala mtu.

Akipata meno, mpe uji mzito au ugali laini uliochanganywa na omena waliochemshwa. Usimpe matumbo wala maini mabichi ya kondoo au mbuzi. Humo hupatikana malengelenge ya minyoo ambayo mbwa huigeuza kuwa hatari kwa watu wa nyumbani.

Kama una mbwa wengine, mtenge kwa wiki 2. Akitapika na kuharisha damu, mpeleke kwa daktari wa mifugo siku hiyo hiyo. Akibadilika tabia, akatokwa na mate na kushindwa kumeza, usimguse. Mfungie na umwite daktari. Akifa, usimzike kabla daktari hajajua.

Je, awe tayari lini? Watu watakuja akiwa na wiki 5 wakisema, "Nipe huyo mnene." Kataa. Asitoke kabla ya wiki 8. Awe anakula mwenyewe, ametibiwa minyoo, ameanza chanjo za mbwa wachanga, na amezoea sauti za watu. Chanjo ya kichaa hutolewa kwa kawaida akiwa na miezi 3. Ukiweza, mngoje hadi hapo. La sivyo, mkabidhi pamoja na kadi yenye tarehe. Muulize anayemchukua: Atalala wapi? Nani atamchanja kila mwaka? Akiwa jike, utamfunga uzazi? Asiyetaka maswali, huenda ndiye atakayejaza gunia lingine mwakani.

Mwaka wa 2014 serikali ilizindua mpango wa kumaliza vifo vya kichaa cha mbwa nchini ifikapo 2030. Kule Laikipia, kampeni ya kuchanja mbwa bure ilianza mwaka wa 2015. Wataalamu husema ugonjwa hukoma mahali ambapo mbwa 70 katika kila 100 wamechanjwa. Mmoja wa hao 70 anaweza kutoka katika katoni yako. Uliza ofisi ya mifugo iliyo karibu nawe ni lini watachanja, hasa karibu na tarehe 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani.

Kumbuka basi: mtu mzima ampokee, mikono inawe, kinyesi kiokotwe kila siku, jeraha lisifichwe, na asitoke kabla ya wakati. Na tangu siku ya kwanza waambie watoto kwamba mgeni huyu ataondoka. Watalia kidogo, lakini watakuwa wamejifunza kwamba huruma ina kazi zake.

Kinga ni bora kuliko tiba.