Njumu Barabarani? Hapana



Swali ninaloulizwa kila mara ni hili: mtoto mwenye njumu za kandanda pekee akimbie nazo? Kwenye nyasi laini, mbio fupi, sawa. Barabarani, hapana. Meno ya njumu hutengenezwa ili yazame ardhini. Kwenye murram iliyokauka hayazami, kwa hivyo uzito wote wa mwili hubanwa sehemu chache za wayo. Mtoto huanza kulalamikia nyayo, kisha muundi. Na akiteremka mlima, kifundo huteguka kwa urahisi. Nasi milima tunayo!

Viatu vya mpira wa kikapu havina meno, lakini ni vizito, tena vimeundwa kwa kuruka na kugeuka ghafla upande. Kwa kilomita 2 si neno. Kwa mazoezi ya kila siku, tafuta vya mbio.

Na asiye na pesa? Nyandika Maiyoro, mwana wa Kisii, alikimbia London mwaka 1954 miguu mitupu. Mwaka 1956 alimaliza wa 7 katika mita 5,000, Olimpiki ya Melbourne. Basi mtoto asiachwe nyumbani kwa kukosa viatu. Akimbie bila viatu uwanjani penye nyasi, mkishaokota vigae na misumari.

Ukienda kutafuta mitumba Daraja Mbili, kikunje kiatu: kipindike penye vidole, si katikati. Mbele ibaki nafasi ya upana wa kidole gumba. Kisigino kikiwa kimelika upande mmoja, kirudishe, hata bei ikiwa nzuri.