NGOMA NA NGONJERA NI MALI YETU: ZIINGIE DAFTARINI

(Hotuba ya Kamati ya Utamaduni katika mkutano wa wanachama baada ya mavuno ya 2025. Imenakiliwa hapa ubaoni kwa faida ya ndugu ambao hawakuwahi kufika.)



Tunashukuru kupewa nafasi baada ya hesabu za alizeti. Tunajua jua limeshapanda na wengine wana ng'ombe wa kunywesha, kwa hiyo hatutawachosha. Tuna habari tatu na maombi matatu.

Habari ya kwanza ni njema. Kikundi cha akina mama cha muheme na kile cha vijana cha ngonjera vyote vimefanya kazi msimu huu bila kukosa mwaliko hata mmoja. Vijana walighani shuleni mbele ya wazazi, wakabishana, mmoja upande wa daftari na mwingine upande wa kumbukumbu ya kichwani. Wazee waliomba ubeti mmoja urudiwe. Ni huu:

Wimbo wetu wa mavuno, mabibi walitufunza,
Si mtama wala ngano, ghalani wa kuutunza,
Umekaa kwa maneno, ndimi zetu zikianza,
Tuandike kwa mikono, wajukuu kuwafunza.

Vijana hao tunawapongeza. Waendelee, na wajue kwamba tangu 2023 nchi yetu inatoa Tuzo ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, na ushairi umo ndani yake. Si lazima mtu awe wa mjini ndipo aandike.

Habari ya pili si njema. Mwaka huu tumemzika bibi yetu mmoja, mkongwe wa wapigaji wa muheme. Yeye ndiye aliyekuwa akianzisha nyimbo za Mtunya, ile njaa kubwa iliyoikumba Ugogo kati ya 1917 na 1920. Hakuiona kwa macho yake, aliipokea kwa mama yake. Ndani ya nyimbo zile mlikuwa na majina ya visima, njia walizopita watu kwenda kutafuta chakula, na nani alimpokea nani. Sasa wamebaki mabibi watatu wanaozijua, na hata hao mmoja anakumbuka mwanzo na mwingine anakumbuka mwisho.

Tuseme ukweli jinsi ilivyotokea. Zamani binti alijifunza muheme wakati wa kuchezwa. Alikaa na mabibi siku nyingi, akasikia ngoma, akashika. Sheria ya 1998 ilikataza kumkeketa mtoto wa kike aliye chini ya miaka 18, na sisi tunasema ilifanya vizuri. Lakini sheria ilikataza kisu, ngoma haikuikataza. Sisi wanakijiji tulipoacha kisu tukaacha na kikao chenyewe, na hatukuweka kikao kingine mahali pake. Ndiyo maana leo binti wa miaka 15 anajua nyimbo zote za kwenye simu, lakini wimbo wa bibi yake hajui hata mstari mmoja. Jamani, tusimlaumu binti. Atajifunzia wapi?

Habari ya tatu wengi mmeshaisikia kisimani. Mwaka 2023 alikuja mgeni siku ya arusi, akawarekodi akina mama kwa simu, akasema ni kwa ajili ya ukumbusho tu. Tukampa uji, tukampa na kigoda. Mwaka 2024 kijana wetu mmoja akausikia wimbo uleule stendi, umetiwa kinanda, unauzwa, na jina la mwimbaji ni jina jingine kabisa. Sauti ni ya mama zetu, kila mmoja wetu anaitambua. Hawakupata hata senti ya chumvi. Mgeni hatumtaji hapa, maana hii si baraza la kesi. Tunataka kusema juu ya kesho.

Sasa basi, ndugu mmoja alituuliza wiki iliyopita: "Hizo ngoma zenu zinaongeza kilo ngapi za alizeti?" Ni swali la haki. Jibu letu ni kwamba haziongezi hata kilo moja. Lakini tukumbushane. Mathias Mnyampala, Mgogo mwenzetu aliyezaliwa 1917 na kufariki 1969, ndiye aliyezieneza ngonjera nchi nzima akiwa mmoja wa viongozi wa UKUTA, yaani Usanifu wa Kiswahili na Ushairi Tanzania. Vitabu vya Ngonjera za UKUTA vilitoka baada ya kufa kwake. Ngonjera hizo ndizo zilizotumika kuyaeleza mambo ya Azimio la Arusha la 1967 kwa watu ambao wengi wao hawakuwa wakisoma magazeti. Kisha 1973 ikaja kampeni ya Mtu ni Afya, na 1975 Chakula ni Uhai. Wazee mnakumbuka: watu walikusanyika kwenye redio, wakajadiliana, wakachimba vyoo. Neno lililoimbwa halikuhitaji kurudiwa mara mbili.

Tukumbuke na jambo jingine. Mwaka 1976 vyama vya ushirika vilivunjwa na serikali, vikarudishwa kwa sheria ya 1982. Katika miaka ile ushirika haukuwa na ofisi wala mizani, lakini watu walilima kwa zamu na kuimba kwa zamu. Ndiyo tunaposema kwamba ngoma haizai alizeti, lakini inawaweka pamoja wale wanaoilima.

Tena sanaa yetu haidharauliwi huko nje. Hukwe Zawose, aliyefariki 2003, aliichukua ilimba na zeze la Kigogo akazipiga Ulaya na Marekani, na watu walilipa kiingilio kumsikiliza. Hapa karibu, Chamwino, kumekuwa na tamasha la muziki wa Kigogo lililoanza mwaka 2009. Kama wengine wanapanda basi kuja kutusikia, sisi wenyewe tunazionaje nyimbo zetu kama makapi?

Tuje kwenye haki. Nchi yetu ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999. Tuliyoyaelewa ni haya. Anayetunga shairi au wimbo ana haki juu yake maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa. Haki inaanza pale anapotunga. Kuandikisha COSOTA kunampa ushahidi wa kushika mkononi. Na zile nyimbo za jadi zisizo na mtunzi mmoja, sheria haikuzisahau: anayetaka kuzitumia kwa kutafuta faida, nje ya desturi zake, anatakiwa kuwa na kibali. Lakini ndugu zangu, utamwambia nini mtu kama huna hata karatasi inayoonyesha wimbo umetoka kwa nani? Wazee walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Alizeti yetu tunaipima, tunaiandika, tunatia sahihi. Wimbo tunauacha upeperuke.

Kwa hiyo maombi yetu ni haya:

1. Liwepo Daftari la Nyimbo na Mashairi. Vijana wawili wa ngonjera wakae na mabibi kila Alhamisi baada ya kazi. Waandike maneno ya Kigogo upande mmoja, maana yake kwa Kiswahili upande wa pili, jina la aliyetoa wimbo, na wimbo unaimbwa wakati gani. Mabinti waje nao wakae, washike ngoma. Hicho ndicho kitakuwa kikao kipya. Daftari likae katika sanduku la chama pamoja na leja, kwa sababu nyumbani mchwa hawasomi lakini wanakula. Nakala iende shuleni.

2. Mgeni anayetaka kurekodi aandike kwanza katika kitabu cha wageni: yeye ni nani, anarekodi kwa kazi gani, na akiuza atalipa nini. Aache nakala. Tunasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Sasa mgeni akija halafu mwenyeji akaumia, methali hiyo tumeigeuza wenyewe.

3. Fedha ya maonyesho igawanywe hadharani: nusu kwa waliopiga na kuimba siku ile, robo kwa kutengeneza ngoma na ngozi zake, robo iingie katika mfuko wa chama. Wapo waliosema yote iingie chamani. Sisi tunaona mama aliyeacha shamba lake kutwa nzima asirudi mikono mitupu.

Liko na jambo ambalo mabibi wenyewe wametuagiza tuliseme. Zipo nyimbo za unyago ambazo si za kila sikio. Hizo zisiandikwe wala zisirekodiwe mpaka wao waridhie, na wakikataa, wamekataa. Kamati inaliunga mkono agizo hilo. Daftari ni la kutunza, halina ruhusa ya kuwavua nguo mama zetu.

Ndugu wanachama, gharama tunayoomba ni daftari mbili kubwa, kalamu, na nafasi ndani ya sanduku ambalo tayari lina kufuli. Mabibi watatu wapo leo. Mkutano ujao hatujui. Katibu atapitisha karatasi ya kura sasa hivi, na asiyejua kuandika aweke dole gumba. Tukikubaliana, kazi ianze Alhamisi hii, pale chini ya mbuyu.



Kamati ya Utamaduni