Mgeni Akae Mkekani: Ukaazi wa Mfinyanzi katika Nchi ya Chai



Nimepewa dakika ishirini nizungumzie kitu ambacho kwenye ratiba kimeandikwa "ukaazi wa msanii". Chuo kinamwalika mfinyanzi, kinampa pa kulala, udongo, moto na posho, naye anafanya kazi yake hapo miezi kadhaa huku wanafunzi wakimtazama na kumsaidia. Wengi hudhani jambo hili limetoka Ulaya. Mimi nasema limetoka jikoni kwa mama mkwe.

Msicheke. Ingrid Herbich, aliyewachunguza wafinyanzi wa Kiluo, aliandika mwaka 1987 kwamba kwa kawaida mwanamke hujifunza kufinyanga baada ya kuolewa, kwa mama mkwe au kwa mke mwenza. Bibi arusi anafika kwenye boma geni na mikono isiyojua kitu. Anakaa chini karibu na mkwewe, leo anakanda udongo, kesho anabeba kuni. Miaka ikipita, mtungi wake ukiuona sokoni utakuonyesha alikoolewa, si alikozaliwa. Huo ndio ukaazi. Mgeni ndiye aliyebadilika.

Sasa mtazameni Magdalene Odundo, mzaliwa wa Nairobi, 1950. Alikwenda Uingereza mwaka 1971 kusomea sanaa ya michoro, akaishia kwenye udongo katika chuo cha sanaa cha Farnham. Katikati ya masomo, mwaka 1974, alisafiri hadi Nigeria, kwenye kituo cha ufinyanzi cha Abuja, mji ambao leo unaitwa Suleja. Kituo hicho kilianzishwa na Mwingereza Michael Cardew mwanzoni mwa miaka ya 1950, lakini mwenye mikono pale alikuwa Ladi Kwali, mwanamke wa Kigwari, ambaye leo yuko kwenye noti ya naira 20. Kwa wanawake wafinyanzi wa pale Odundo alijifunza kuinua chungu kwa mkono, bila gurudumu. Ndivyo anavyofinyanga hadi leo: anainua kuta, anasugua hadi zing'ae, kisha anachoma. Chungu kikichomwa katika hewa ya kutosha hutoka na rangi ya machungwa. Akikichoma tena kikiwa kimefunikwa na vitu vinavyofuka moshi, hewa ikakosekana, hutoka cheusi. Mwaka 2018 alifanywa mkuu wa Chuo Kikuu cha Sanaa za Ubunifu, ambacho kile chuo cha Farnham kimo ndani yake. Alikwenda Abuja kama bibi arusi, akakaa mkekani.

Nayasema haya kwa sababu tangu Januari 2026 wanafunzi wa kwanza wa Gredi ya 10 wameingia sekondari ya juu, na mojawapo ya njia tatu wanazochagua ni sanaa na michezo. Walimu mtaulizwa habari za udongo, na haraka ya kwanza ya wakubwa itakuwa kununua mashine. Nimeona tanuri la umeme katika chuo kimoja, jipya, lililotaka nguvu ya umeme ambayo jengo halikuwa nayo. Mara ya mwisho nilipolifungua lilikuwa na karatasi za mitihani, zimepangwa vizuri sana.

Mfinyanzi atakayekuja hapa Kericho atakutana kwanza na udongo mdanganyifu. Ule mwekundu wa mashamba ya chai unavutia macho, lakini ukiufinyanga unamumunyuka. Chai inaupenda kwa sababu ni mchachu na unapitisha maji, na hayo si mfinyanzi anayoyatafuta. Ateremke bondeni, kandokando ya vijito, achimbe ule wa kijivu unaonata. Nani atamwonyesha? Si mimi mwenye shahada.

Kisha mvua. Asubuhi jua, saa nane mawingu, saa tisa mvua ya mawe. Mwaka wangu wa kwanza hapa nilifinyanga vyungu kumi na viwili, nikavianika wiki mbili, nikavigusa nikaviona vikavu. Nikawasha moto. Cha kwanza kililia kama risasi kabla chai yangu haijapoa, vikafuatana. Unyevu uliojificha ndani ya ukuta uligeuka mvuke ukakosa mlango. Mama mmoja jirani, aliyekuwa amesimama tu akinitazama, aliokota kigae, akakiweka shavuni, akasema, "Mwalimu, hiki bado kilikuwa baridi." Tangu siku hiyo nami huweka chungu shavuni. Chenye maji ndani ni baridi hata kama mkono unakiona kikavu. Kipimo hicho sikukipata chuoni.

Kuna pia ugumu mwingine, wa heshima. Sisi Wakipsigis chungu tunacho, teret, lakini fahari yetu imekaa kwenye kibuyu. Mwanariadha akitua uwanja wa ndege anapokewa kwa maziwa ya mursik ndani ya sotet, yaani kibuyu. Hajapokewa kwa chungu. Ndiyo maana kijana wa Litein huona ufinyanzi ni kazi ya Waluo wa ng'ambo ya mto Sondu. Kumbe nyumbani kwao ugali umepikwa miaka yote juu ya jiko la Upesi, ambalo moyo wake ni udongo uliofinyangwa na kuchomwa.

Pendekezo langu ni dogo. Msanii mkaazi akija, mama mfinyanzi mmoja aajiriwe pamoja naye, kwa posho ileile, jina lake liandikwe juu na la mgeni chini. Mwezi wa kwanza mgeni asifinyange chochote cha maonyesho, akande udongo. Na vyuo viombe banda kando ya nyumba ya boila kwenye viwanda vyetu vya chai, penye joto mchana na usiku, vyungu vikaukie hapo badala ya kungoja jua la Kericho.

Viwanda hivyo vina jambo la pili. Vinachoma kuni za mikaratusi kukaushia majani, na majivu hayaishi. Moto wetu wa wazi hufika kama nyuzi 700 hadi 900, hauyeyushi majivu. Lakini katika tanuri la kuni lililojengwa sawasawa, kwenye nyuzi 1,250 hivi, majivu yaliyochanganywa na udongo na mawe yaliyosagwa huyeyuka yakawa ngozi ya kioo juu ya chungu. Kikombe cha chai kilichovikwa majivu ya kuni zilizokausha chai hiyohiyo: hilo nataka kuliona kabla sijastaafu, na naona baadhi yenu mnatikisa kichwa, sijui ni kukubali au ni huruma.

Nimekuja na ndoo mbili za majivu ya kuchezea mchana huu. Ziko nyuma ya gari na ni nzito. Naomba vijana wawili.