Jina Bila Sampuli: Uainishaji wa Mimea na Yaliyoipata Migunga Yetu

Mada iliyowasilishwa kwenye semina ya maafisa misitu, wataalamu wa tathmini ya mazingira na walimu wa biolojia

1. Utangulizi

Waandaaji walinipa mada ya uainishaji wa viumbe hai, wakaniomba nieleze misingi yake. Nitaieleza kwa kifupi, kwa kuwa wengi wenu mmeisoma na baadhi yenu mnaifundisha. Sehemu kubwa ya muda niliopewa nitaitumia kwa jambo moja linalopunguza thamani ya kazi nyingi nzuri za uwandani: orodha za mimea zinazoandikwa bila sampuli. Maoni haya ni yangu kama mtunzaji wa hebaria, yaani hazina ya sampuli za mimea iliyokaushwa. Si tamko la taasisi ninayoitumikia.

2. Misingi ya uainishaji

Uainishaji ni kazi ya kuvipanga viumbe katika makundi kwa kufuata ukoo wao, kuvipa majina na kuweka njia ya kuvitambua. Madaraja yake makuu tunayajua: himaya, faila (au divisheni kwa mimea), ngeli, oda, familia, jenasi na spishi. Jina la spishi lina sehemu mbili, yaani jenasi na kivumishi chake. Utaratibu huo ulisimikwa na Carl Linnaeus, mwaka 1753 kwa mimea na mwaka 1758 kwa wanyama. Mwaka 1969 Robert Whittaker alipendekeza himaya tano. Mwaka 1990 Carl Woese na wenzake wakaweka juu ya himaya makundi makuu matatu: bakteria, akea na viumbe wenye kiini cha seli. Leo ushahidi wa DNA hutumika sambamba na maumbile tunayoyaona kwa macho.

Tutenganishe mambo mawili. Kupanga makundi ni hoja ya kisayansi, nayo hubadilika ushahidi unapobadilika. Kutoa majina ni suala la kanuni za kimataifa, na kanuni hizo hulifunga kila jina kwenye sampuli ya msingi iliyohifadhiwa mahali panapojulikana. Kwa mfano, ua maarufu la Usambara lilielezwa mwaka 1893 katika jenasi Saintpaulia. Mwaka 2015 wataalamu waliliingiza katika Streptocarpus, baada ya DNA kuonyesha kuwa limo ndani ya ukoo huo. Mmea haukubadilika. Kilichobadilika ni uelewa wetu wa ndugu zake.

3. Kisa cha migunga

Kwa zaidi ya miaka 200 migunga yetu iliitwa Acacia, jenasi iliyotolewa na Philip Miller mwaka 1754. Sampuli yake ya msingi ilitokana na mti unaoota Afrika na Asia. Utafiti ulipoendelea, ilibainika kuwa kundi hilo lilikuwa limejumlisha koo kadhaa zisizo na undugu wa karibu. Lilipaswa kugawanywa, na swali likawa ni ukoo gani ubaki na jina la zamani.

Mwaka 2003 lilitolewa pendekezo kwamba jina Acacia lifungwe upya kwenye spishi ya Australia, kwa sababu huko kuna spishi zipatazo 1,000 ambazo zingelazimika kubadilishwa majina. Katika mkutano wa kimataifa wa botania uliofanyika Vienna mwaka 2005, waliopinga walipata takriban asilimia 55 ya kura. Utaratibu ulidai asilimia 60 ili pendekezo likataliwe, kwa hiyo likapita. Mkutano wa Melbourne mwaka 2011 uliuthibitisha uamuzi huo. Mwaka 2013 Bruce Kyalangalilwa na wenzake walihamishia spishi nyingi za Afrika kwenye jenasi mbili, Vachellia na Senegalia.

Matokeo yake tunayaishi. Mgunga wa nyika unaojulikana kwa umbo la mwavuli sasa ni Vachellia tortilis. Ule wa gome la manjano, ambao Wamaasai huuita olerai, ni Vachellia xanthophloea. Mti wa gundi ya kiarabu aina ya hashab ni Senegalia senegal. Miwati iliyoletwa kutoka Australia na kupandwa Njombe na Lushoto kwa ajili ya gome lake imebaki Acacia mearnsii. Baadhi yetu bado tunaamini kura ile haikuitendea haki Afrika. Hata hivyo kanuni zimeamua, na mtumishi wa umma anapaswa kufuata jina linalokubalika.

4. Tatizo: orodha isiyoweza kuhakikiwa

Hapa naomba uvumilivu wenu, kwa sababu hiki ndicho kiini cha mada.

Mabadiliko ya majina peke yake hayana madhara makubwa. Penye sampuli, mtunzaji hutoa karatasi kabatini, huutazama mmea, hubandika lebo mpya juu ya karatasi ileile, na kazi imekwisha. Madhara huja pale taarifa inaposema “Acacia sp. 1” na “Acacia sp. 2”, bila namba ya mkusanyaji wala sampuli popote. Kabla ya mgawanyo, jina hilo lilitupa angalau jenasi. Sasa linaweza kumaanisha Vachellia, Senegalia, au mti wa kigeni kutoka Australia. Msitu unaweza kuwa umesafishwa, barabara imepita au bwawa limejaa maji, na hakuna wa kurudi kuangalia. Jina lisilo na sampuli ni kama kiwanja kisicho na mawe ya mipaka: kila mtu anaweza kukidai, na hakuna wa kuthibitisha.

Nimepokea taarifa za namna hii mwaka baada ya mwaka: tathmini za athari kwa mazingira, mipango ya usimamizi wa misitu ya vijiji, hata tasnifu za shahada za juu. Nikiuliza sampuli ziko wapi, majibu hayabadiliki. Bajeti haikuwa na kifungu hicho. Gari halikuwa na nafasi. Mteja hakudai. Aliyefanya utambuzi alikuwa mwenyeji mzoefu. Sidharau ujuzi wa wenyeji. Mara nyingi ndio bora kuliko wetu. Lakini mwenyeji anapotaja jina la lugha yake na mtaalamu akaligeuza kuwa la Kilatini kwa kutumia orodha iliyochapishwa miaka mingi iliyopita, kwa miti ya wilaya nyingine, kosa ni la mtaalamu. Sampuli ndiyo ingewalinda mwenyeji na mtaalamu kwa pamoja.

Wengine husema picha ya simu inatosha. Kwa migunga haitoshi. Kwa kawaida Vachellia huwa na miiba iliyonyooka, miwili miwili, na maua ya duara. Senegalia huwa na vimiiba vilivyopinda, na nyingi huchanua kwa mashuke marefu. Lakini Vachellia tortilis ina miiba iliyonyooka na iliyopinda katika tawi moja. Faidherbia albida, iliyotengwa na Acacia mwaka 1934, ina miiba iliyonyooka kama Vachellia na maua ya mashuke kama Senegalia. Anayepiga picha ya gome na taji la mti pekee hawezi kuitenganisha miti hii kwa uhakika.

Utambuzi huu unamgusa mkulima pia. Faidherbia hupukutisha majani wakati wa mvua, hivyo mahindi yaliyo chini yake hupata mwanga na rutuba. Migunga mingine haina tabia hiyo, na anayegawa miche isiyotambuliwa vyema anampotezea mkulima misimu kadhaa. Vivyo hivyo kwa gundi ya kiarabu: hashab ya Senegalia senegal huthaminiwa zaidi sokoni kuliko talha ya Vachellia seyal, na zikichanganywa mkusanyaji hulipwa kwa bei ya ile ya chini.

Historia nayo imetuonya. Mwezi Machi 1943 hebaria ya Berlin iliungua katika mashambulizi ya mabomu, na humo zikateketea sampuli za msingi za mimea mingi iliyokusanywa Tanganyika enzi za Wajerumani. Majina mengi yaliokolewa na nakala zilizokuwa zimetawanywa katika hebaria nyingine. Penye nakala, elimu ilisalimika. Pasipo nakala, wataalamu walibaki na maelezo ya maandishi tu.

Si kwamba hatuna mahali pa kuhifadhi. Kuna Hebaria ya Taifa Arusha, hebaria ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na Hebaria ya Afrika Mashariki iliyoko Nairobi, ambayo chimbuko lake ni Amani, Usambara. Tunalo pia andiko kubwa la mimea ya Afrika Mashariki ya Tropiki, lililokamilika mwaka 2012 likiwa na zaidi ya spishi 12,000. Hata hivyo kitabu chake cha jamii ya migunga ni cha mwaka 1959 na kinatumia jina Acacia. Anayekitegemea bila sampuli hana njia ya kufika kwenye majina ya leo kwa uhakika.

5. Sampuli inayokubalika

Tawi liwe na majani, miiba, na maua au matunda, ikiwezekana vyote. Likaushwe kwenye presi, kati ya magazeti yanayobadilishwa kila siku. Lebo itaje jina la mkusanyaji na namba yake, tarehe, kijiji, wilaya, alama za GPS, mwinuko, mazingira, kimo cha mti, rangi ya maua na jina la kienyeji pamoja na lugha yake. Yasiyoonekana kwenye tawi lililokauka ndiyo ya kuandikwa kwanza.

6. Mapendekezo

Kwa kuzingatia yaliyoelezwa, napendekeza:

(i) Taarifa yoyote inayotaja spishi za mimea iambatane na namba za sampuli na jina la hebaria zilikohifadhiwa.

(ii) Hadidu za rejea za tathmini za mazingira ziweke sharti hilo tangu mwanzo, si baada ya taarifa kukamilika.

(iii) Bajeti ya kila kazi ya uwandani iwe na kifungu cha kukusanya, kukausha na kusafirisha sampuli.

(iv) Kila sampuli iwe na nakala mbili au zaidi, zihifadhiwe katika hebaria tofauti.

(v) Taarifa zitumie majina yanayokubalika sasa, na jina la zamani litajwe pembeni ili wasomaji wasipotee.

(vi) “Acacia sp.” isipokelewe kama utambuzi kamili katika taarifa rasmi.

(vii) Upimaji upangwe angalau mara moja katika msimu wa maua au matunda.

(viii) Vyuo visipitishe tasnifu ya ikolojia ya mimea isiyo na sampuli.

(ix) Majina ya wenyeji yaandikwe kama yalivyotamkwa, na waliotoa ujuzi watambuliwe kwa ridhaa yao.

(x) Walimu wafundishe uainishaji kwa mimea inayoizunguka shule, na kila shule yenye uwezo iwe na presi moja.

(xi) Hebaria ziongezewe watumishi na makabati, kwa kuwa masharti (i) hadi (iv) yataongeza sampuli zinazopokelewa.

(xii) Itakaporekebishwa miongozo ya kazi za uwandani, sharti la sampuli lipewe nafasi ya kwanza.

7. Hitimisho

Makundi ya viumbe yataendelea kubadilika, na ndivyo sayansi inavyopaswa kwenda. Wajibu wetu ni kuhakikisha kwamba atakayekuja kupanga upya anakuta ushahidi wa tulichokiona. Pendekezo la kwanza halihitaji sheria mpya. Linahitaji mkuu wa idara aikatae taarifa isiyo na sampuli, aandike sababu na airudishe. Naiomba semina hii ilipitishe kuwa azimio lake la kwanza, kisha washiriki walianze katika ofisi zao kwenye kazi ijayo ya uwandani.