Ile Saa ya Dhahabu
(Mazungumzo na wanachama wa kikundi cha kujisaidia)

Mwenyekiti ameniomba nizungumze juu ya ile saa. Habari mnazijua: mwenzetu mmoja ameleta saa ya mkono ya marehemu baba yake, ya dhahabu, akitaka iwe dhamana ya mkopo. Mweka hazina akauliza, "Tuiweke kwa mizani?" Mkacheka. Mimi sikucheka.

Miaka iliyopita mjane mmoja alipeleka saa kama hiyo mjini. Sonara akaifungua, akapima kasha peke yake, akamlipa bei ya dhahabu kuukuu. Mashine ya ndani akamrudishia ikiwa imefungwa kwa gazeti. Mama alinionyesha. Nilipoitikisa, ikaanza kulia tik tik.

Sasa sikilizeni. Kuna watu duniani, hasa matajiri, wanaokusanya saa kuukuu za dhahabu. Zimekuwa adimu kwa sababu. Tarehe 25 Desemba 1969 kampuni ya Seiko ya Japani ilianza kuuza saa ya kwanza ya mkono ya kwatzi, yaani ya betri. Hiyo yenyewe kasha lake lilikuwa la dhahabu, na bei yake yen 450,000, kama ya gari dogo. Lakini zilizofuata zikawa rahisi, na saa za Uswisi za kutiwa ufunguo zikaonekana hazina maana. Halafu Januari 1980 dhahabu ikafika dola 850 kwa wakia moja. Basi huko nako watu wakafanya kama yule sonara wetu, makasha yakayeyushwa kwa wingi.

Tena hawa wakusanyaji hawalipii dhahabu hasa. Kampuni ya Patek Philippe ya Geneva ilitengeneza saa aina ya 1518, yenye kalenda, kuanzia 1941 hadi 1954. Zilikuwa kama 281, karibu zote za dhahabu. Za chuma kisichoshika kutu zinajulikana nne tu. Mwaka 2016 moja ya hizo nne iliuzwa kwa mnada kule Geneva kwa zaidi ya faranga milioni 11 za Uswisi. Chuma, jamani! Msiniulize hizo ni ng'ombe wangapi.

Lakini si kila saa ya rangi ya dhahabu ni mali. Fundi saa afungue kifuniko cha nyuma, si ninyi kwa kisu cha jikoni. Alama ya 750 ni karati 18, maana sehemu 750 katika 1000 ni dhahabu halisi. 585 ni karati 14, na 375 ni karati 9. Saa nyingi za Uswisi za karati 18 za kabla ya 1995 zina muhuri wa kichwa kidogo cha mwanamke; siku hizi ni kichwa cha mbwa. Ukiona "plaqué" au "20 microns", hiyo imepakwa juu tu.

Na msiing'arishe! Mkusanyaji anataka kingo za kasha ziwe kali kama zilivyotoka kiwandani, na uso wa saa usiwe umepakwa rangi upya, hata kama una madoa. Mweka hazina, nimesikia umeshaipitishia dawa ya shaba kidogo. Iishie hapo.

Kuhusu mkopo, maoni yangu ni kwamba kikundi kisiipokee. Hakuna kati yetu anayejua bei yake, na ikipotea tutalipa nini? Mama apewe mkopo kwa wadhamini wawili kama wengine.

Saa yenyewe nimeiona. Ina 750 na kile kichwa cha mwanamke. Tumenakili nambari ya kasha na ya mashine, maana kampuni nyingine, Patek Philippe ikiwa mojawapo, hutafuta katika vitabu vyao vya zamani na kukuandikia mwaka saa ilipotengenezwa, kwa malipo. Tutawaandikia waliotengeneza hii. Ila kwanza ndugu zake wawili wakubali, kwa sababu ilikuwa ya baba yao wote. Wanakuja Jumapili.