Soko Likihamishwa, Mama Mboga Ataulizwa Lini?
(Maneno kwa vijana wa Kahawa Wendani)



Ndugu zangu na dada zangu wa Wendani, na nyinyi mnaotufuata kutoka Githurai, Ruiru, Juja na Thika. Mlizoea tuwaongelee kesi za mahabusu na vitambulisho. Leo nataka tuongee nyanya. Chekeni tu, lakini tukimaliza naamini mtaona ni mambo yale yale.

Nyanya unayonunua hapa chini karibu na stage imesafiri usiku. Pengine imetoka Mwea kule Kirinyaga, ikashushwa Githurai kabla ya alfajiri, au ikapita mpaka Marikiti mjini halafu ikarudishwa huku na mama mmoja ndani ya matatu, gunia liko miguuni pa abiria. Kitunguu pengine kimevuka Namanga kutoka Tanzania. Nanasi ni jirani yetu, la Thika. Yule mama aliamka saa tisa usiku. Wewe na mimi wakati huo tulikuwa tumelala, tusidanganyane. Saa moja asubuhi ameshapanga mafungu yake, na faida yake ya siku nzima imekaa kwenye vitu viwili: nauli aliyolipa, na bei aliyopata kwa sababu pale sokoni walikuwa wauzaji wengi wa kushindana. Ukigusa kimoja kati ya hivyo, umegusa ada ya shule na unga wa jioni.

Sasa, Soko la Wakulima, hilo tunaloliita Marikiti, liko pale Haile Selassie Avenue tangu miaka ya 1960. Nairobi ya wakati huo ilikuwa mji mdogo. Leo malori yanashindana na mikokoteni, mvua ikinyesha unakanyaga matope na maganda mpaka kwenye kifundo, na gari la zimamoto likihitajika sijui litapita wapi. Haya serikali ya kaunti ikisema, inasema kweli, na mtu anayepinga kuhamishwa soko bila kukubali haya anajidhoofisha mwenyewe.

Baada ya uchaguzi wa 2022, Kaunti ya Nairobi chini ya Gavana Johnson Sakaja ilisukuma mpango wa kuwahamisha wauzaji wa jumla wa baadhi ya mazao waende soko jipya la Kangundo Road. Wafanyabiashara walikataa, wakaandamana. Kwenye mitandao mlisoma maoni ya watu wengi: hawa watu hawapendi maendeleo, wamezoea uchafu, wanajengewa soko la kisasa na bado wanalia. Hata miongoni mwetu nilisikia maneno hayo, kutoka kwa watu ambao hawajawahi kubeba gunia.

Hebu tufuate hesabu ya yule mama wa Wendani. Hanunui kitu kimoja. Anataka nyanya, vitunguu, karoti, pilipili hoho, ndimu kidogo, dania. Soko likiwa moja, anazunguka kwa nusu saa na amemaliza. Ukichukua mazao mawili matatu ukayapeleka Kangundo Road na mengine ukayaacha mjini, umempa safari mbili badala ya moja. Kutoka hapa mpaka Kangundo Road atabadilisha gari, iwe amepitia Outer Ring au amezungukia Ruiru na Eastern Bypass. Na mzigo kila mara unalipiwa, wa kuupakia na wa kuushusha. Hawezi safari mbili. Kwa hiyo atanunua kwa dalali, ambaye ameenda kule kwa pikapu na kuleta. Dalali naye anataka chake. Bei ya fungu inapanda, au fungu linakuwa dogo. Wewe mwanafunzi wa KU unayepika na wenzako watatu kwenye bedsitter utaliona hilo kwenye sufuria, hata kama hujawahi kufika Marikiti.

Hii ndiyo sababu muuzaji wa jumla anaogopa kuhama hata akionyeshwa sakafu ya simiti na paa zuri. Anajua mnunuzi hafuati paa. Mnunuzi anafuata mahali ambapo atapata kila kitu na gari la kumrudisha. Mazao yenyewe hayasubiri watu wazoee. Nguo ikikaa wiki bila mteja bado ni nguo, lakini nyanya ya Jumatatu ikifika Alhamisi ni hasara ya kumwaga.

Na Nairobi imeshajifunza somo hili, au ilipaswa kuwa imejifunza. Soko la Muthurwa, pale pale jirani na Marikiti, lilifunguliwa mwaka wa 2008, enzi za Rais Kibaki, ili wachuuzi watoke katikati ya mji. Wachuuzi walilalamika kwamba nafasi hazitoshi na kwamba vibanda vimeangukia mikononi mwa watu ambao hawakuwa wachuuzi kabisa. Wengi walirudi barabarani. Lakini tazameni Muthurwa leo: imejaa. Kwa nini? Matatu za Eastlands zilipelekwa pale pale. Watu wakishuka kwenye gari wanapita katikati ya bidhaa. Stage ndiyo iliyoleta soko. Kwa hiyo mtu akikuletea ramani ya soko jipya, kabla hujauliza choo kiko wapi, muulize matatu zitasimama wapi.

Nchi nzima ina masoko yaliyojengwa bila swali hilo kujibiwa. Kwenye ule mpango wa kuchochea uchumi wa mwaka wa 2009, serikali iliahidi soko la mazao kwa kila eneo bunge. Baadhi yalikwama, mengine yalikamilika na hayana watu. Mbuzi wanalala ndani.

Turudi nyumbani. Barabara ya Thika ilipopanuliwa, mpaka ikazinduliwa Novemba 2012, wauzaji wa kandokando waliondolewa. Ukitaka kujua kama kuondolewa kulimaliza jambo, simama Githurai 45 saa kumi na mbili jioni. Watu wanashuka wamechoka, wanataka mboga ya kupika saa hiyo hiyo, na mama amekaa pale wanaposhuka. Kanjo akija anakimbia, kanjo akiondoka anarudi. Miaka na miaka. Wakubwa wetu wanaita huu ukaidi. Mimi naona ni mtu anayejua biashara yake kuliko mtu aliyechora ramani.

Sisi Wendani tuko Kiambu, si Nairobi, na hapa ndipo vijana wengi huchanganyikiwa. Marikiti ni ya City Hall. Githurai 45 na hapa kwetu ni Ruiru, na bunge letu la kaunti liko Kiambu mjini. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, imezipa kaunti kazi ya masoko. Kwa hiyo hatuwezi kumpigia kelele gavana wa Nairobi kuhusu uamuzi wa Kiambu, wala wa Kiambu kuhusu Marikiti, ingawa sufuria yetu inategemea wote wawili. Lazima ujue barua unampelekea nani.

Na barua ndiyo nataka tukae nayo kidogo.

Kifungu cha 10 cha Katiba kimeweka ushirikishwaji wa wananchi kuwa mojawapo ya misingi ya uongozi. Kifungu cha 47 kinasema uamuzi wa kiutawala uwe wa haki, ufuate utaratibu, na anayeweza kuumizwa nao apewe sababu kwa maandishi. Sheria ya Hatua za Haki za Kiutawala ya mwaka wa 2015 inafafanua zaidi: unapewa ilani mapema, unapewa nafasi ya kusikizwa, na kama uamuzi utaathiri kundi la watu, umma unatangaziwa na kuombwa maoni kabla. Mwaka wa 2019 Mahakama ya Juu, kwenye kesi ya kampuni ya sigara ya BAT, iliweka miongozo kwamba ushirikishwaji uwe wa kweli, sio wa kuonyesha tu. Na kama ni kuondolewa kwenye ardhi ya umma, sheria za ardhi zilizofanyiwa marekebisho 2016 zinazungumzia ilani ya miezi 3, kwenye Gazeti rasmi, kwenye gazeti la kitaifa na kwenye redio. Wakili ndiye atakayewaambia kama inawahusu, lakini angalau mjue ipo, msikubali kuambiwa Ijumaa kwamba Jumatatu tingatinga linakuja.

Kwenye makaratasi sheria hizi ni nzuri sana. Shida ni saa nne asubuhi. Mkutano wa maoni unaitishwa saa nne asubuhi, siku ya kazi, kwenye ukumbi ulio mbali, tangazo limebandikwa kwenye mlango wa ofisi. Saa nne asubuhi mama mboga anauza. Akifunga kibanda aende, siku imekwenda. Wanaohudhuria ni wale wale kumi na tano wanaojua kuna chai na nauli. Wanatia sahihi, na karatasi ile ndiyo itakayopelekwa mahakamani baadaye kuonyesha kwamba wananchi walishirikishwa. Umeona? Anapoteza kesi siku ambayo hakujua kuna kesi.

Tusijifanye pia kwamba wanaopinga wote ni malaika. Kila soko kubwa lina watu wenye vibanda kumi kwa majina ya ndugu zao, wanaovikodisha kwa wanyonge, na hao hupiga kelele kuliko wote soko linapotaka kuhamishwa. Wana mawakili. Siku ya kugawa nafasi mpya, majina yao yako kwenye orodha. Aliyetandaza gunia chini kwa miaka kumi na tano, anayelipa ushuru wa kila siku, hayuko. Kwa macho ya kaunti hakuwahi kuwepo. Mimi nikisema napinga masoko kuhamishwa kiholela, namsemea huyu.

Wanahistoria wa Madina wanaeleza kwamba soko la Waislamu pale lilikuwa uwanja wazi, watu hawakuruhusiwa kujijengea mahali pakawa pao, na aliyewahi asubuhi alikaa pale mpaka jioni. Nalitaja kwa sababu kuna watu wanaodhani kumlinda mtu aliyetandaza chini ni siasa za kisasa.

Basi sisi vijana tunafanya nini? Tuna simu. Tunajua kuandika. Yule mama huenda hana muda wa hayo, na huenda hataki kujulikana. Muulizeni kwanza, kwa adabu, kama mngemuuliza mama yenu. Akikubali, andikeni jina lake, anauza nini, anakaa wapi, tangu mwaka gani. Pigeni picha mahali pake na bidhaa zake, na tarehe. Zile risiti ndogo za ushuru ambazo hutupwa, zikusanywe. Kama analipa kwa simu, ule ujumbe asiufute, ni risiti. Daftari la watu mia moja lenye risiti mia moja linamfanya afisa abadilishe sauti. Nasema sauti, sijasema uamuzi. Lakini hakimu akiona daftari hilo, swali la nani alikuwa pale limeisha.

Halafu andikeni kuuliza. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inampa kila raia haki ya kuomba, na ofisi ina siku 21 za kujibu. Ulizeni: kuna mpango gani kuhusu masoko ya Ruiru? Nani analipia? Orodha ya watakaopewa nafasi itatengenezwaje? Wasipojibu, Tume ya Haki ya Utawala, wengi mnaijua kama Ombudsman, inapokea malalamiko. Swali la nani analipia msilidharau. Kama pesa zinatoka Benki ya Dunia, benki hiyo ina masharti kuhusu watu wanaopoteza riziki hata kama hawakupoteza nyumba, na kaunti haiwezi kuyaruka kimya kimya.

Na ombi la kuandika kwa bunge la kaunti ni haki chini ya Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012. Halihitaji wakili. Linahitaji majina na sahihi, na mtu wa kulifikisha Kiambu mjini. Kwenye ombi msiandike tu kwamba hamtaki. Andikeni mnachotaka: mkutano wa maoni ufanyike hapa Wendani, Jumapili alasiri. Stage na soko vipangwe pamoja. Mazao yasitenganishwe. Anayetandaza chini ahesabiwe sawa na mwenye kibanda.

Kuna dada ameniandikia kabla sijaanza, anauliza kama wasio Waislamu wataingia kwenye hilo daftari. Dada yangu, hapa Wendani wengi wa wanaotuuzia mboga si Waislamu, na mmoja wao hunipa dania ya bure kila Ramadhani bila kuombwa. Wanaingia wote. Wa kwanza kuandikwa awe yule anayekaa mbali kabisa na kibanda chochote, pale ukutani, maana huyo ndiye wa kwanza kusahaulika. Anafunga saa mbili na nusu usiku. Ukitaka kumpata akiwa na nafasi, nenda kati ya saa nane na saa tisa mchana, na ununue kitu.