Mpini Mpya wa Wembe wa Kale

Jioni hii twataka kuzungumza nanyi juu ya kazi ndogo ya mikono, nayo ni kuutengenezea mpini mpya wembe wa kukunja, yaani ule wembe mrefu wa vinyozi ambao bapa lake hulala katikati ya vibao viwili. Labda mwanafunzi mmoja atauliza, "Yatufaa nini kazi hiyo, nasi twanunua nyembe dukani?" Twamwomba atusikilize kwanza.

Marehemu baba yetu alikuwa kinyozi. Kwetu ni desturi waliofiwa kunyolewa nywele matanga yaondolewapo, na wembe wake ulikuwa umepita juu ya vichwa vya watu wa karibu kila nyumba kijijini. Bapa lake lilikuwa chuma cha Sheffield, mji wa Uingereza uliosifika kwa visu na nyembe, kama ulivyosifika Solingen katika Ujerumani. Mpini ulikuwa wa pembe ya ng'ombe, nao ulikuwa na ufa. Tulipopokea mshahara wetu wa kwanza wa ualimu, tulimnunulia kwa mwuza vitu vikuukuu mpini mwingine, uking'aa kama gamba la ng'amba. Baba aliutazama kitambo, akatushukuru, akautia katika wembe wake.

Baadaye macho yake yalififia, akaacha kazi, na wembe ukafungiwa sandukuni. Miaka ikapita. Alipofariki, mzee wa ukoo alitaka tunyolewe kwa wembe wa baba mwenyewe. Tulipofungua sanduku, ilitupiga harufu kali ya kafuri na uchachu. Mpini ulikuwa umepindika, na bapa limeliwa na kutu. Siku ile tulinyolewa kwa wembe wa kuazima. Haya yake hatujaisahau.

Sababu yake tulikuja kuijua baadaye. Mpini ule ulikuwa wa seluloidi, kitu kinachofanywa kwa pamba iliyotiwa tindikali, kisha ikachanganywa na kafuri. John Wesley Hyatt wa Marekani alipata hati yake mwaka 1870, na watu wengi wakakipenda, kwani huiga pembe za ndovu na gamba la ng'amba kwa bei ndogo. Lakini kikizeeka huoza, na katika kuoza hutoa mvuke wenye tindikali, nao hula chuma kilicho karibu. Tena hushika moto upesi sana. Basi mwenye wembe wa namna hiyo asiufungie sandukuni pamoja na nyembe nyingine, wala asiuweke karibu na taa.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe. Vitu vya kufanyia vipo kwetu. Mpingo ni mti mgumu, mzito hata huzama majini, wala haupasuki ovyo ukikaushwa vizuri. Ila vumbi lake huwasha pua na macho, basi jifunge kitambaa usoni. Pembe ya ng'ombe nayo ni njema. Pembe za ndovu ziacheni: mwaka 1989 mataifa yaliagana kuikomesha biashara yake baina ya nchi na nchi, na ndovu wamekwisha kupungua mno.

Ukichagua pembe ya ng'ombe, kata ncha yake iliyo ngumu, ipasue kwa urefu, uichemshe majini mpaka ilainike. Itoe ingali moto, uibane katikati ya mbao mbili, uiache ikauke siku kadha wa kadha. Usiifungue kwa pupa, maana itarudi kujikunja.

La kwanza, funga makali ya wembe kwa kitambaa na uzi. Tupia kwa tupa kichwa cha msumari wa zamani mpaka kiishe, uusukume nje polepole. Usitupe mpini wa zamani. Ndio kielelezo chako. Chora umbo lake juu ya vibao viwili vipya, kila kimoja unene wa inchi 1/8 au pungufu kidogo. Vifunge vibao pamoja, ukate kwa msumeno mwembamba, kisha utoboe kwa keekee vikiwa vimefungwa vivyo hivyo, ili matundu yaelekeane. Tundu la inchi 1/16 latosha.

La pili, tengeneza kabari ndogo ya mti, ya shaba au ya risasi, ikae katikati ya vibao mwisho wa mpini. Wengi huidharau kabari hii, kumbe ndiyo inayovitenga vibao na kulipa bapa nafasi. Ikiwa nyembamba mno, au ikikaa upande, makali yatagusa kibao kila wembe ukunjwapo, na kunoa kwako kote kutakuwa bure.

La tatu ni misumari. Tumia waya wa shaba unaoenea tundu, pamoja na vipete vidogo vya shaba. Acha ncha itokeze kidogo sana kila upande, uigonge kwa nyundo ndogo, mapigo mepesi mengi, ukigeuza upande huu na huu. Sisi mara ya kwanza tuligonga kwa nguvu, na kibao tulichokihangaikia siku nne kikapasuka mbele ya macho yetu. Tukaanza upya.

Mwisho, sugua. Wazee wetu walisugulia majani makavu ya msasa, na kwa jina la mti huo twaita karatasi ya dukani msasa hata leo. Kisha paka mafuta kidogo, ufute kwa kitambaa.

Wembe wa baba sasa una mpini wa pembe ya ng'ombe, kama zamani. Kutu tuliiondoa juu ya kinoo, lakini karibu na ncha makali yamebaki na mapengo, nayo hayatarudi. Twanyolea ndevu zetu wenyewe tu, wala hatumwazimi mtu, maana siku hizi twajua kuwa maradhi ya ini na UKIMWI hupita katika damu.

Basi, mwanafunzi, jibu lako ni hilo. Mpini wa baba ulihitaji kutengenezwa, nasi tukauondoa kwa sababu haukung'aa. Wahenga walisema mtoto akililia wembe, mpe. Sisi twaongeza: ukimpa wembe, mfundishe na kuutunza.